UZI: Kanuni mpya za kufichuliana nyaraka mahakamani zimewaacha wapi warithi?

#1 Mzee wa Faili

Wakuu, salaam kwenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila mjadala ninaousoma kuhusu mabadiliko ya kanuni za kufichuliana nyaraka unazungumzia makampuni, benki na mikataba. Kesi za mirathi hazitajwi, au zinatajwa kwa mstari mmoja na kuachwa. Mimi naamini hizo ndizo kesi ambazo kanuni hizi zinaumiza kuliko zote.

Kwa wasiozifahamu: katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, upande mmoja wa kesi ya madai unaweza kuulazimisha upande wa pili utoe nyaraka zake kabla ya shauri kusikilizwa, ujibu maswali kwa maandishi, na kwingine hata uhojiwe chini ya kiapo mbele ya mawakili. Kanuni hizo zimefumuliwa mara kadhaa katika miaka thelathini iliyopita, na malalamiko yanayosukuma mabadiliko ni yaleyale: nyaraka zimekuwa nyingi mno, gharama zimepanda, kesi zinachelewa.

Ukizisoma vizuri utaona zinadhani kwamba pande zote mbili zilikuwepo jambo lilipotokea. Aliyeuza ana nakala yake ya mkataba, aliyenunua ana yake, na wote wanakumbuka walichoambiana. Mirathi haiko hivyo. Aliyejua kwa nini wosia ulibadilishwa ndiye aliyezikwa. Makaratasi yake, simu yake, vyeti vyake vya hospitali na taarifa zake za benki viko kwa yule aliyekuwa naye siku za mwisho, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeachiwa sehemu kubwa ya mali. Anayelalamika anafika mahakamani akiwa na shaka na tarehe mbili tatu.

Nianze na Uingereza, maana huko mwendo wa mabadiliko unaonekana wazi. Kwa zaidi ya karne moja kipimo kilikuwa uamuzi wa mwaka 1882 katika kesi ya Peruvian Guano: ulipaswa kutoa hata nyaraka ambayo yenyewe haithibitishi kitu, mradi inaweza kumwelekeza mpinzani wako kwenye uchunguzi utakaomsaidia. Kipimo kipana sana. Kilimfaa mrithi asiyejua kitu, na pia kiliwafanya mawakili wadurufu maghala ya makaratasi. Mwaka 1999, baada ya ripoti ya jaji Lord Woolf, zilikuja kanuni mpya za mwenendo wa madai zilizobana: utatoa nyaraka unazozitegemea, zinazokuumiza mwenyewe, na zinazoumiza au kusaidia upande mwingine. Kisha tarehe 1 Januari 2019 ukaanza utaratibu wa majaribio katika mahakama za biashara na mali za England na Wales, na tarehe 1 Oktoba 2022 ukawa wa kudumu kwa jina la Mwongozo wa Utendaji 57AD.

Mashauri ya wosia yanayofunguliwa Mahakama Kuu huingia humo, kwa sababu kitengo cha mashauri ya mali, amana na mirathi ni sehemu ya mahakama hizo. Yanayokwenda mahakama za kaunti yanabaki chini ya kanuni za 1999. Kwa hiyo familia mbili zenye ugomvi unaofanana zinaweza kujikuta chini ya taratibu mbili tofauti.

Chini ya 57AD kuna vitu viwili vinavyomgusa mrithi. Cha kwanza kinamsaidia: kila upande una wajibu wa kutoa nyaraka inazojua zinaiumiza, bila kuombwa, na wajibu wa kuhifadhi nyaraka mara tu unapojua kesi inaweza kuja. Cha pili ndicho kinachonikosesha amani. Mwanzoni unapewa nyaraka kuu ambazo mwenzako anazitegemea. Ukitaka upekuzi zaidi, mnakaa na kuandika orodha ya hoja zinazohitaji nyaraka, na kwa kila hoja mahakama inachagua kiwango cha upekuzi kati ya A hadi E, ambapo A ni zile zinazojulikana kuumiza tu na E ni upekuzi mpana usiotolewa ila kwa nadra.

Orodha hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye hati za madai na utetezi. Na kanuni za mashauri ya wosia zinasema ukidai marehemu hakuwa na akili timamu, au hakujua kilichomo, au alishinikizwa, lazima utoe maelezo mahususi ya madai yako. Basi mtu hawezi kudai kwa umahususi kwa sababu hana nyaraka, na hapati nyaraka kwa sababu hakudai kwa umahususi. Kampuni mbili haziingii kwenye duara hilo, kwa kuwa kila moja ilikuwepo na kumbukumbu zake inazo. Mtoto aliyeishi mbali na mzazi wake anaingia moja kwa moja.

Karibuni tujadili.

#2 Binti Salama

Asante mkuu kwa uzi huu. Nina swali la moja kwa moja.

Baba alifariki. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akiishi naye ndiye mwenye funguo, simu na mafaili yote. Umetokea wosia ambao wengine hatukuwahi kuusikia. Wakili mmoja tuliyemwendea alisema tufungue shauri kwanza, nyaraka zitatoka mbele ya safari. Sasa tufungue shauri tukidai nini? Hatujui kama ni wa kweli au la. Sitaki kumzushia ndugu yangu uongo mbele ya hakimu, nataka tu kujua baba alitaka nini.

#3 Mzee wa Faili

Binti Salama, pole sana kwa msiba. Swali lako ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kufungua shauri kwanza ni ushauri wa kesi ya mkataba. Mirathi ina zana zake za zamani, nyingine za kabla ya shauri, na zana hizo hazikufutwa na mabadiliko haya. Tatizo ni kwamba watu wanazisahau kwa kukimbilia kanuni za kawaida.

Uingereza, kwa mfano, ukiwa na shaka na wosia unaweza kumwandikia wakili aliyeuandaa na kumwomba maelezo: alimfahamu marehemu tangu lini, nani alimpa maagizo, nani alikuwepo chumbani, wosia ulisomwa vipi, ulisainiwa vipi, kwa nini ulitofautiana na uliotangulia. Hii inatokana na kesi ya Larke v Nugus ya mwaka 1979, na chama cha mawakili wa huko kimewaelekeza wanachama wake watoe maelezo hayo. Wakili au msimamizi anayekaa kimya anajiweka pabaya baadaye kwenye suala la gharama, kwa sababu mahakama itauliza kama kesi nzima ingeweza kuepukika kwa barua moja ya majibu.

Shauri likishafunguliwa, kuna kanuni nyingine ninayoipenda sana. Kila upande lazima uwasilishe mahakamani nyaraka zote za wosia za marehemu zilizo mikononi mwake, pamoja na maelezo ya maandishi ya nyingine zozote inazozijua na nani anazo. Si wosia wa mwisho tu, hata uliofutwa, hata rasimu za maagizo. Na hauruhusiwi kuangalia za mwenzako mpaka uwe umewasilisha za kwako, isipokuwa kwa kibali cha mahakama. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri uone mwenzako ana nini ndipo uamue utoe nini.

Na kuhusu kutotaka kumzushia ndugu yako: kanuni hizohizo zinamruhusu mjibu madai kutoa notisi kwamba anachotaka ni wosia uthibitishwe rasmi na mashahidi wake waulizwe maswali, basi. Akifanya hivyo hatabebeshwa gharama, isipokuwa mahakama ione hakuwa na sababu yoyote ya msingi ya kuupinga. Huo ni mlango wa mtu mwenye shaka ya dhati ambaye bado hana tuhuma. Ni haki ndogo, inaokoa udugu.

#4 Kalamu ya Msimamizi

Naheshimu hoja za Mzee wa Faili ila niseme upande wa pili, maana nimewahi kusimamia mirathi na najua uzito wake.

Kila nyaraka inayotafutwa inalipiwa, na mara nyingi inalipiwa na mali ileile ya marehemu. Mrithi mmoja mwenye hasira anaweza kudai taarifa za benki za miaka ishirini, barua pepe zote, mafaili yote ya daktari, na mwisho wa siku wajane na watoto wadogo wanagawana kilichobaki baada ya mawakili. Huu uvuvi wa nyaraka ndio uliofanya kanuni zibanwe. Halafu kuna faragha ya marehemu. Mtu akifa hapaswi kugeuzwa sanduku ambalo kila mwenye shaka anapekua.

New York wana njia ninayoiona ya busara. Katika wosia unaopingwa, upekuzi unabanwa kwenye kipindi cha miaka 3 kabla ya tarehe ya wosia hadi miaka 2 baada yake au hadi kifo, kutegemea kipi kinakuja kwanza. Ukitaka zaidi, onyesha mazingira maalumu. Kila mtu anajua mipaka tangu mwanzo. Kwa nini wengine wasiige?

#5 Mzee wa Faili

Kalamu, hoja yako ya gharama naikubali bila kinyongo. Mali ya marehemu si mfuko wa kufadhili visasi.

Kanuni ya New York ni nzuri kwa swali la siku ya kusaini: alikuwa timamu au la, nani alimleta, alikuwa anatumia dawa gani. Haitoshi pale ushawishi ulipojengwa polepole. Mtu anaweza kuanza kumtenga mzee na watoto wake miaka mitano kabla ya wosia: anabadilisha namba ya simu, anakuwa msaini wa pili wa akaunti, anamhamishia kwa daktari mwingine. Wosia unaposainiwa kazi imeshakwisha, na dirisha la miaka mitatu linaonyesha nyumba tulivu isiyo na wageni. Ndiyo, mahakama inaweza kupanua kwa mazingira maalumu, lakini kuthibitisha mazingira maalumu kunahitaji nyaraka za kipindi ambacho umezuiwa kukitazama.

Hata hivyo New York wana kitu kingine ambacho natamani kila mahali kingekuwepo. Kabla hata ya kuwasilisha pingamizi, unaweza kuwahoji chini ya kiapo mashahidi walioshuhudia wosia na aliyeuandaa. Unauliza kwanza, ndipo unaamua kama una sababu ya kupinga. Wapo wanaouliza, wakapata majibu ya kuridhisha, wakaenda zao nyumbani bila kesi. Ukitafuta njia ya kupunguza gharama, hiyo inapunguza zaidi kuliko kumnyima mtu nyaraka hadi afungue vita.

Sasa nije California, maana kuna jambo limepita kimya kimya. Tangu tarehe 1 Januari 2024, katika kesi za madai zilizofunguliwa kuanzia siku hiyo, upande mmoja ukidai, kila upande lazima ndani ya siku 60 utoe majina ya watu wenye taarifa na nyaraka zinazohusika, bila michezo ya maswali na mapingamizi ya awali. Utaratibu umewekewa muda hadi tarehe 1 Januari 2027. Wazo zuri kabisa. Kisha unafika kwenye orodha ya kesi zilizoachwa nje: za kumwondoa mpangaji, madai madogo, za sheria ya familia, na za sheria ya mirathi.

Nje kabisa! Eneo ambalo upande mmoja ndio wenye makaratasi limenyimwa wajibu wa kuyaweka mezani mapema. Naelewa ugumu wake. Shauri la mirathi halina mdai na mdaiwa kila mara. Lina maombi, lina watu kumi wenye maslahi, wengine hawajawahi kuwasilisha hata karatasi moja mahakamani, na si rahisi kusema nani anadaiwa nyaraka na nani, kuanzia lini. Lakini ugumu huo ungeandikiwa kanuni yake badala ya kufungiwa mlango. Ugomvi wa wosia wenye pande mbili zinazojulikana ungeweza kuingizwa, na maombi ya kawaida yasiyo na mpinzani yakaachwa.

Mrithi wa California hakuachwa mikono mitupu, tuwe wakweli. Njia za zamani za nyaraka na mahojiano bado zinatumika kwenye mirathi kama kwenye madai mengine, na sheria ya mirathi yenyewe inaruhusu mtu anayedhaniwa kuficha mali ya marehemu, au kuwa na taarifa zake, aitwe ahojiwe chini ya kiapo. Tofauti ni kwamba lazima aombe, apigiwe pingamizi, aombe tena. Aliyekalia makaratasi hasukumwi na kitu.

#6 Wakili wa Mtaani

Nichangie kidogo kwenye usiri wa wakili na mteja, maana mara nyingi ndio ukuta wa kwanza mrithi anaougonga.

Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1998, kesi ya Swidler & Berlin, ilisema usiri huo haufi pamoja na mteja. Watu wakaisoma nusu. Uamuzi huohuo ulikubali kwamba kuna hali ya pekee katika mirathi, jambo ambalo mahakama hiyo ilishalisema tangu 1897 katika Glover v. Patten: wanaogombana wakiwa wote wanadai kupitia marehemu yuleyule, wakili wake anaweza kueleza alichoambiwa kuhusu wosia. Sababu ni kwamba kufichua huko kunatimiza nia ya marehemu badala ya kuisaliti.

Kwa hiyo wakili akikujibu "faili ni la siri" na ninyi nyote ni watoto wa marehemu, usiondoke hapo. Muulize ni sheria ipi na siri hiyo ni dhidi ya nani.

#7 Jirani Mwema

Hii mada imenigusa. Naomba tusisahau mafaili ya hospitali. Wosia mwingi unapingwa kwa hoja ya akili, na kipimo kinachonukuliwa hadi leo ni cha Banks v Goodfellow ya mwaka 1870: je, alielewa kwamba anafanya wosia, alijua mali yake kwa ujumla, aliwakumbuka wanaomtegemea, na hakuwa na maradhi ya akili yaliyopotosha uamuzi wake? Hakuna anayeweza kujibu hayo bila kuona daktari aliandika nini wiki ile. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1990 inayomruhusu msimamizi wa mirathi, au mtu mwenye dai linalotokana na kifo hicho, kuomba kuona kumbukumbu za afya za marehemu. Lakini angalia nani anatajwa kwanza: msimamizi. Kama msimamizi ndiye unayemtilia shaka, itabidi uombe amri ya mahakama dhidi ya hospitali kama mtu wa nje ya kesi.

Na nyaraka za hospitali haziishi milele. Zina muda wa kutunzwa, kisha zinateketezwa.

#8 Mwana wa Pwani

Wakuu, Kenya vipi? Huku kila mtu anasema mambo ya nyaraka yalibadilika mwaka 2010, lakini kwenye mirathi kila karani ana jibu lake.

#9 Wakili wa Mtaani

Mwana wa Pwani, majibu yanatofautiana kwa sababu kuna mshono ambao haujashonwa.

Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za mwaka 2010 zilihamisha uzito wote mbele. Hati ya madai sasa inafika mahakamani ikiwa na orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyosainiwa na nakala za nyaraka. Mdaiwa naye hivyohivyo. Amri za kufichua na kukagua nyaraka zikaingizwa kwenye mkutano wa maandalizi ya kesi, chini ya Agizo la 11 (agizo ni kama sura ndani ya kanuni hizo). Ni mabadiliko makubwa, na kwa kesi za ardhi na mikataba yamesaidia.

Mirathi inaendeshwa na kanuni zake. Kanuni ya 63 ya Kanuni za Mirathi ndiyo inayotaja ni maagizo gani ya mwenendo wa madai yanaruhusiwa kuvuka na kuingia kwenye mirathi, na imeyataja kwa namba za kirumi za kitabu cha zamani: V, X, XI, XV, XVIII, XXV, XLIV na XLIX. Katika kitabu cha zamani, Agizo la X lilikuwa la kufichua na kukagua nyaraka. Katika kitabu cha 2010, Agizo la 10 linahusu kutofika kwa mdaiwa na matokeo yake. Ukifuata namba kwa upofu unafungua ukurasa usiohusika. Inabidi ufuate maudhui: kwamba waliotunga walitaka ufichuaji wa nyaraka uwepo kwenye mirathi, hata kama namba imehama. Ndivyo ninavyoisoma mimi, na Kanuni ya 73 inayohifadhi mamlaka ya asili ya mahakama, yaani uwezo wake wa kutoa amri zinazohitajika ili haki itendeke, inasaidia pale namba zinapokwama.

Lakini kwa Kenya silaha nzito iko kwenye Sheria ya Urithi yenyewe. Kifungu cha 51 kinamtaka anayeomba usimamizi aandike orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Kifungu cha 83 kinamtaka msimamizi alete orodha kamili na hesabu ndani ya miezi 6 tangu apewe usimamizi, na pia alete orodha au hesabu wakati wowote mahakama itakapotaka, kwa hiari yake au kwa maombi ya yeyote mwenye maslahi. Na kifungu cha 76 kinaruhusu usimamizi ufutwe kama ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi, au kama msimamizi ameshindwa kuleta hesabu hizo.

Kwa maneno mengine, msimamizi ana deni la uwazi hata kama hakuna aliyefungua vita. Omba hesabu chini ya kifungu cha 83 kabla hujafikiria amri za nyaraka. Akileta, una nyaraka. Asipoleta, una sababu ya kufuta usimamizi.

#10 Mzee wa Faili

Wakili, hiyo ya namba sikuwahi kuiona ikielezwa hivyo. Inaonyesha vizuri ninachosema: waliobadilisha kanuni za madai hawakugeuka nyuma kuangalia nani alikuwa ameegemea ukuta waliouhamisha.

Tanzania nako kuna la kujifunza. Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inasema mtu akiweka pingamizi, kisha akafika kulitetea, shauri linachukua sura ya kesi ya madai, mwombaji akiwa mdai na mpingaji akiwa mdaiwa, na Sheria ya Mwenendo wa Madai inatumika kadiri inavyowezekana. Hapo ndipo Agizo la XI la kufichua nyaraka linapopata mlango. Kabla ya pingamizi, huna. Mahakama za mwanzo, zinakofunguliwa mirathi nyingi za watu wa kawaida, hazitumii sheria hiyo. Zina kanuni zao rahisi zaidi. Kwa hiyo mabadiliko yoyote ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, mazuri kiasi gani, hayamfikii mjane aliye mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kwenye Sura ya 352 kinachomlinda mrithi kila siku ni kifungu cha 107: orodha ya mali ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka 1. Nawasihi wote wenye mirathi chini ya sheria hiyo: nenda kwenye faili, angalia kama vimewasilishwa. Vingi havijawasilishwa na hakuna aliyeuliza.

#11 Kalamu ya Msimamizi

Hapa kwenye orodha na hesabu tuko pamoja, Mzee. Msimamizi anayetunza vitabu vyake hana cha kuogopa, na mara nyingi akivitoa mapema ugomvi unaisha. Niliyekuwa nikimpinga ni yule anayetaka kila kitu.

Swali langu moja: simu na barua pepe. Hapo ndipo mambo yote yalipo sasa, na kanuni zinasemaje?

#12 Wakili wa Mtaani

Kwa Marekani, majimbo mengi yamepitisha sheria ya mfano ya mwaka 2015 kuhusu mali za kidijitali za marehemu. Msimamizi anaweza kupata orodha ya mawasiliano, yaani nani aliandikiana na nani na lini. Yaliyomo ndani ya ujumbe hapati kutoka kwa kampuni ya huduma bila marehemu kuwa aliridhia. Pia kanuni ya 37(e) ya mwenendo wa madai katika mahakama za shirikisho, iliyorekebishwa mwaka huohuo, inaadhibu vikali aliyepoteza data kwa makusudi ili mwenzake asiitumie. Mahakama za shirikisho hazithibitishi wosia, ila kesi zinazozunguka mirathi, kama madai ya fidia dhidi ya mtu aliyemzuia mwingine asipate alichokusudiwa, zinaweza kufika huko. Kesi ya Marshall v. Marshall ya mwaka 2006 iliweka hilo wazi.

Kwingine, mara nyingi ujumbe muhimu uko kwenye simu ya aliye hai. Mume, mtoto, mlezi. Huyo ni mhusika wa kesi kama mwingine yeyote, na simu yake ni nyaraka kama nyaraka nyingine.

#13 Binti Salama

Nimesoma yote. Nimepata nguvu. Ninaandika barua kwa ndugu yetu na nyingine kwa wakili aliyeandaa wosia. Ya ndugu nimeomba asifute chochote kwenye simu ya baba wala kwenye ya kwake, asitupe makaratasi, na atupe orodha ya alichonacho. Ya wakili nimeuliza yale maswali ya Mzee wa Faili: nani alitoa maagizo, nani alikuwepo, wosia ulisomwa vipi. Nimejitahidi zote mbili ziwe na heshima, maana baada ya haya bado tutakuwa ndugu. Kuna nilichosahau?

#14 Mzee wa Faili

Umeandika vizuri. Ongeza mambo matatu.

Kwa wakili, omba pia nyosia zote za zamani hata kama zilifutwa, pamoja na maandishi yake ya siku alipokutana na baba. Wosia uliofutwa unaonyesha baba alikuwa anawaza nini kabla, na maandishi ya siku ileile yana uzito kuliko kumbukumbu ya miaka mitatu baadaye.

Barua ya tatu iende hospitali. Huombi kupewa faili sasa, kwa sababu watakukatalia. Unawaarifu kwamba kuna uwezekano wa shauri na unaomba faili la baba lisiteketezwe hadi litakapoamuliwa.

Na kila barua iwe na tarehe, na ushahidi kwamba imepokelewa. Mahakama ikija kuuliza nani alijua lini kwamba nyaraka zinahitajika, jibu liwe kwenye saini ya aliyepokea.